Jenerali hakutaka jeneza: barua kwa vijana wetu wa Mwanza

Wanangu,

Marahaba ya salamu zenu nilizoletewa juzi pamoja na ile karatasi ya bajeti. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Maturubai, spika, mafahali wawili, fulana zenye picha ya marehemu, basi la kwenda Siaya na kurudi. Yote ya kumkumbuka Jenerali Francis Ogolla siku ya Aprili 18, tarehe aliyoanguka na helikopta kule Elgeyo Marakwet mwaka 2024. Nia yenu njema, siibezi. Ila huyo mnayetaka kumheshimu aliacha maagizo, na karatasi yenu inakwenda kinyume nayo.

Alikufa Alhamisi, akazikwa Jumapili nyumbani kwao Ng'iya, hukohuko Siaya. Huyu alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, rubani wa ndege za kivita, aliyeingia jeshini Aprili 1984 na kubakiza siku chache tu atimize miaka 40 ya utumishi. Kwetu sisi Wajaluo, mtu wa cheo kile angelala mochwari wiki tatu akingoja barabara ichongwe, nyumba ipakwe rangi, na mtoto wa shangazi apate nauli ya kutoka ughaibuni. Yeye alishaiagiza familia azikwe ndani ya saa 72, tena bila jeneza. Na wakamtii. Rais alikuwepo, majenerali walikuwepo, na bado wakamtii.

Nawaambia kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Kaka yangu alipofia hapa Mwanza tulikaa na mwili siku 19. Kamati ilikutana kila jioni chini ya mwembe, chai na mandazi kwa gharama ya mfiwa, tukibishana juu ya jeneza la vioo. Siku tuliyofunga safari ya kumpeleka kwetu, Magu, Bunda, hadi Rorya, mashine ya mtumbwi wake ilikuwa imeshauzwa. Ile mashine ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto wake. Jeneza lile lilionekana kwa saa mbili, kisha likafukiwa. Wanawe wawili wakaacha shule mwaka uleule, na mimi niliyekuwa mweka hazina wa kamati ndiye niliyesaini. Sijawahi kuwaomba radhi kwa maandishi. Basi hii hapa ndiyo radhi yenyewe, wataisoma.

Msije mkaniambia ni mila. Mila naijua. Mvuvi akizama na ziwa lisimrudishe, wazee wetu walichukua yago, lile tunda refu la mwegea, wakalizika mahali pa mwili na kumlilia mtu wao kikamilifu. Mjomba wangu kaburi lake lina yago. Hakuna aliyesema hakuheshimiwa. Hata tero buru, kukimbiza mauti na ng'ombe na mikuki, haikuhitaji turubai la kukodi. Haya ya jeneza la vioo na disko la matanga tumeyaokota njiani, tena si zamani.

Jambo la pili nitalipita upesi. Helikopta ile ilibeba watu 12. Wawili walipona. Tisa walikufa pamoja na Jenerali, na kwenye fulana zenu hata mmoja hayumo. Nao walikuwa askari, nao wana mama.

Halafu acheni kurushiana zile sauti za kueleza ilivyoanguka. Ajali ya ndege ina wataalamu wake, wanaokaa na vipande vya chuma miezi mingi kabla ya kusema neno. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022, wakafa watu 19, nilimpokonya mjukuu wangu simu hadi jioni kwa sababu hiyohiyo. Alininunia wiki nzima.

(Msidhani marubani wa jeshi siwajali. Machi 1979 nilikuwa hapahapa mjini ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin wa Uganda vitani ilipotuletea mabomu. Yaliangukia Kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Tulicheka baadaye, lakini usiku ule hakuna aliyelala, na tangu hapo kila ndege ya jeshi letu ikiruka kutoka uwanjani huwa nasimama niitazame mpaka ipotee.)

Ninachotaka ni hiki. Aprili 18 tukutane saa moja tu, bila spika. Yasomwe majina yote kumi, tunyamaze. Kisha kila mmoja wenu, hata mwenye miaka 25, aandike kwenye karatasi siku anazotaka kukaa juu ya ardhi, na atakayebaki na mashine au pikipiki yake. Asaini, ampe mkewe au mama yake. Yangu nimeshaiandika: siku tatu, mbao za kawaida, na nizikwe hapahapa Mwanza kama gari la kwenda Rorya linahitaji mkopo. Najua dada zangu watapiga kelele. Mtawaonyesha barua hii.

Mweka hazina wenu aje kwangu Jumamosi na daftari, kabla jua halijawa kali. Fedha zilizokwisha kuchangwa nataka tuzihesabu pamoja. Wapo watoto wawili hapo Kirumba, baba yao alikuwa askari, wanadaiwa ada. Na fulana zilizokwisha kuchapwa wapeni kina mama wanaoanika dagaa mwaloni, asubuhi kuna baridi.

Mzee wenu.