Kaka, ile keki

Kaka,

Mwanao alinipigia juzi kutoka shuleni. Mwalimu wake wa dini kamwambia jina lake limekosewa, naye anauliza: "Baba mdogo, ni kweli mligombana na baba kwa sababu ya herufi moja?" Nikamwambia akuulize wewe.

Siku ya ubatizo wake mbege ilikuwa imejaa, wakwe zako wamekaa mbele, na kwenye keki limeandikwa DEOGRATIUS kwa krimu ya bluu. Nami, kijana niliyetoka seminari juzijuzi, nikaifuta ile U kwa kidole, nikaandika A. Nikalamba kidole. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ukasema taratibu, "Hicho Kilatini ulikisoma kwa ada yangu."

Sikukosea lakini. Deo gratias ni sentensi iliyokatwa mkia: Deo, "kwa Mungu", ni yambwa tendewa, gratias, "shukrani", tena za wingi, ni yambwa tendwa, kitenzi agimus, "tunatoa", kimeachwa kwa kuwa kila mtu anakijua. Ni lile jibu letu la misa, "Tumshukuru Mungu." Hiyo -us ni ya akina Julius na Marcus, mwanamume mmoja aliye kiima. Ningenyamaza, angekuja kusahihishwa na mgeni. Kama alivyosahihishwa.

Tena ni jina la Afrika ya kale. Deogratias alikuwa askofu wa Karthago, huko iliko Tunisia leo, kuanzia mwaka 454. Mwaka uliofuata Wavandali, watawala wa Karthago wakati huo, waliipora Roma, wakarudi na meli za mateka. Askofu akauza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa, akawakomboa, na makanisa mawili akayajaza vitanda vya wagonjwa. Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaandaa kuyasema siku ile. Nilikuwa na karatasi mfukoni. Nikaanza na ile U, basi, karatasi haikutoka.

Ada yako sijaisahau. Uliacha shule ukiwa darasa la saba mimi niende, na hujawahi kunidai ila siku ile moja. Lakini mbele ya wakwe, Kaka?

Nyumbani mnamwita Deo tu. Mama akipaza sauti "Deo, njoo ule!" mimi nasikia "Kwa Mungu, njoo ule," nacheka peke yangu.

Cheti usikibadilishe, ni usumbufu na hela. Ila Desemba nakuja, na keki naleta mimi. Mwokaji nimeshamwandikia jina kwenye karatasi.