Mnada wa vitabu, na juzuu za babu yangu

Mhariri,

Mjukuu wangu anayesoma Nairobi alikuja kufunga nasi Ramadhani iliyopita, akaniletea mchezo wa mezani uitwao Biblios. Umebuniwa na Mmarekani, Steve Finn, na ulitoka mara ya kwanza mwaka 2007 kwa jina jingine. Ndani mna kadi, kiubao kidogo na dadu tano za rangi mbalimbali.

Usiku wa kwanza, baada ya tarawehe, jirani yetu mmoja, mtu mzima ambaye mtaa mzima wa Langoni twamwita Ami, alipita dakani akaziona zile dadu. Akasimama. "Mwalimu, yeo madadu yamengia nyumbani kwako?" Sikumlaumu. Hapa Lamu dadu ni kamari, na kamari imevunja nyumba tunazozijua. Nikamwomba aketi atazame. Dadu za mchezo huu hazitupwi. Zinapangwa juu ya kiubao, zote zikionyesha tatu, na kila moja ni thamani ya aina moja ya vitu. Ziko kadi chache zinazompa mchezaji ruhusa ya kuigeuza dadu, ipande au ishuke nukta moja. Pesa ya mtu haiguswi. Ami alikaa mpaka mchezo ukaisha, na usiku wa tatu alikuwa anacheza.

Wachezaji ni wakuu wa nyumba za watawa wa Ulaya katika Zama za Kati, na kila mmoja anataka maktaba yake iwe bora. Wanashindania watawa wa kunakili, rangi za kuandikia, miswada, vitabu vitakatifu na vitabu vilivyopigwa marufuku. Nusu ya kwanza unachukua kadi moja moja, na kwa kila kadi unaamua kabla hujaiona inayofuata: hii yangu, hii ya mnada, hizi za wenzangu. Ukishaiweka huitoi tena. Nimefundisha hesabu miaka 31 na sijapata zoezi linalomfunza mtoto uamuzi kama hilo.

Kisha unakuja mnada. Kadi zilizotengwa zinachanganywa na kufunuliwa moja moja, kila mtu anataja dhahabu yake. Ikifunuliwa kadi ya dhahabu yenyewe, hainunuliwi kwa dhahabu. Unailipia kwa idadi ya kadi utakazozitupa. Mwisho, mwenye jumla kubwa katika kila aina anatwaa dadu ya aina hiyo, na nukta zake ndizo alama zake. Mjukuu wangu mdogo alimaliza dhahabu yote kwenye miswada, akaishinda kweli, lakini mwenziwe alikuwa ameishusha dadu ya miswada mpaka moja. Alilia. Nikamshika mkono, na hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Babu alizaliwa Siyu, kisiwani Pate. Vijana wetu wanaijua Siyu kwa ngome yake na kwa Bwana Mataka, mtawala wake wa zamani. Lakini Siyu ilikuwa pia mji wa waandishi. Katika karne ya 18 na ya 19 misahafu ilinakiliwa pale kwa mkono, juu ya karatasi iliyoletwa na majahazi kutoka mbali, kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na kurasa zikapambwa kwa mikono ya watu wetu wenyewe. Ulaya kazi ya kunakili ilianza kufifia baada ya Gutenberg kupiga chapa kule Mainz miaka ya 1450. Siyu kalamu ya mwanzi iliendelea kwa karne nne nyingine. Watawa wale walitafuta buluu iliyotokana na jiwe la Afghanistan. Wetu walitosheka na rangi tatu, na kwa macho yangu hizo tatu zilitosha.

Kwetu zilikuwako juzuu nne za msahafu. Zilikaa katika kasha la msaji chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Babu alikuwa akizitoa mwezi wa Ramadhani na kunionyesha neno moja kwenye ukurasa wa mwisho: wakfu. Kitu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Babu alifariki mwaka 1974 nikiwa na miaka 17. Haukupita mwaka, mjomba wangu akaziuza kwa mgeni aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba akiulizia vitu vya kale. Aliziuza moja moja, maana mgeni hakuwa na haja ya zote siku moja. Pesa ile ilinunua mabati ya jiko. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Jiko lilikuwa linavuja, na hakuna aliyepata kumwambia kile kitu ni nini.

Katika mnada wa mchezo kitabu kinabaki mezani, mkononi mwa jirani, na kesho mnaanza upya. Mnada wa kwetu ulifanyika mlangoni, mnunuzi akiwa mmoja, bei akiitaja yeye mwenyewe.

Na bado unaendelea, Mhariri. Mwaka huu huu nimesikia kwa masikio yangu mtu akiulizwa, "Nyumbani kwenu hamna vikaratasi vya wazee?" Vikaratasi! Nawaomba wenye nyumba wa Siyu, Pate, Faza, Shela na hapa mjini: mkiulizwa hivyo, msijibu siku hiyo. Mwiteni kijana mwenye simu nzuri apige picha ukurasa baada ya ukurasa, mchana, karibu na dirisha, kisha mrudishe kitabu kwenye kasha. Na wanaohusika na makumbusho na utamaduni katika kaunti wapeleke watu majumbani kupiga picha tu, bila kuchukua chochote. Wakija kuchukua, watu watazificha, na mchwa watamaliza kazi.

Mimi na wajukuu tumeanza kuchora mchezo wetu, wa Siyu. Ami ametuchongea vidadu kwa mbao za mkoko. Aina zetu tano ni wino, karatasi, kalamu, ngozi za majalada na tenzi. Mjukuu mkubwa alitaka misahafu iwe aina ya sita. Nilikataa. Msahafu hautiwi mnadani, hata kwa mchezo. Tumeuweka katikati ya meza, na ndio kazi ambayo wachezaji wote wanashirikiana kuikamilisha kabla kadi hazijaisha.

Kasha la babu ninalo mpaka leo, ndani mmebaki kile kitambaa. Huenda juzuu moja iko kwenye rafu ya mtu anayesoma gazeti hili, au ya mtu anayefahamiana naye. Ukingo wa kurasa zake una mstari wa manjano kati ya miwili myekundu, na ukurasa wa mwisho una neno wakfu na jina la mwandishi, ambalo nilikuwa mdogo mno kulihifadhi. Sidai kurudishiwa. Naomba picha ya ukurasa huo, ipelekwe kwako Mhariri, nami nitaifuata.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu