Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba nijibu swali lililorudi karibu katika kila kikao chetu mwaka huu: je, Mganda anaweza kuishi kwa kazi ya kupiga filamu za wanyamapori na mazingira, au atabaki kuwabebea wageni kamera zao?

Nianzie msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako wengi wetu tulijifunzia kazi. Sensa ya 2018 ilihesabu gorila wa milimani 459 katika msitu huo na hifadhi ya Sarambwe inayopakana nao upande wa Kongo. Kwa kuwa mafua yetu yanaweza kuwaua, ziara ya kawaida kwa kundi lililozoea watu haizidi saa moja. Mwenzetu mmoja alikwea tangu alfajiri, na katika saa hiyo dume kubwa lilimpa kisogo kwa dakika 40. Alichorudi nacho ni mlio wa matawi yakivunjika na mkono mmoja ukimenya shina. Wengine walimcheka. Mimi naona ndicho kipande bora tulichokitazama mwaka huu.

Malalamiko yalikuwa mengi, na nitataja moja tu. Kampuni moja ya nje ilimwajiri mwanachama kwa malipo ya siku, ikaondoka na picha zote, na jina lake halikuonekana popote mwishoni mwa filamu. Tangu hapo kamati imeandaa mfano wa mkataba unaomwachia mpiga picha nakala na haki ya kutajwa; tafadhali msitie saini kitu kingine kabla ya kuusoma.

Hata hivyo, mkataba peke yake haumjengi mtu. Mgeni huja kwa wiki chache, lakini sisi tunaishi hapa. Vifaru, waliokuwa wametoweka nchini kufikia 1983, walirudishwa katika hifadhi ya Ziwa, wilayani Nakasongola, kuanzia 2005, na barafu ya milima ya Rwenzori inazidi kupungua kuzunguka kilele cha Margherita, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari. Anayesimamisha kamera kwenye jiwe lile lile kila mwaka atakuwa na picha ambazo hakuna atakayeweza kurudi nyuma kuzipiga, na mwenye kuzihitaji atalazimika kuzinunua kwake. Ndiyo maana kamati inapendekeza kila mwanachama achague mahali pamoja na kudumu napo kwa miaka isiyopungua mitano.

Mwisho, stendi ya kamera ya chama bado iko Kasese. Aliye nayo airudishe kabla ya msimu wa mvua.

Mwenyekiti