Kaka, siku ya kumaliza matanga hatutarusha video

Kaka,

Ujumbe wako kwenye grupu la familia nimeuona. Wote wameuona na wote wamenyamaza, wakingoja nijibu mimi, maana mimi ndiye niliyelala na Mama chumba kimoja ile miezi ya mwisho. Nilianza kukujibu palepale, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Naandika hapa mbele ya watu kwa sababu wewe siku hizi mambo yote unayasemea mbele ya watu, na ukiambiwa pembeni husikii.

Umeomba kwamba mwaka wa Mama ukitimia, tukimaliza matanga, mtu ashike simu arushe mubashara kutoka kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, ili nawe "uwepo". Ukaongeza kwamba na wafuasi wako wangependa kuona hali ya mji ilivyo.

Jibu ni hapana. Usiuone kama ukorofi wa mdogo kwa mkubwa wake.

Vipindi vyako vya mtandaoni vya kuchambua vita naviangalia, usidhani siviangalii. Unaeleza vizuri. Mtu wa Mombasa au Dodoma ambaye hajawahi kusikia jina la Sake, akikusikiliza nusu saa anaelewa kwa nini anayeishika Sake ameishika Goma shingoni: barabara ya Masisi na ile ya Minova zinakutana pale, na kutoka pale mpaka mjini ni kama kilomita 25. Bunagana, kule mpakani na Uganda, ilipoanguka Juni 2022 ulisema safari hii si kama 2012, waasi wa M23 kuingia Goma na kutoka baada ya siku kumi na moja. Watu walikucheka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipoandika Julai 2024 kwamba kuna askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 kwenye ardhi yetu, na Kigali ikaruka kama kawaida yake, wewe ulikuwa umeshalisema zamani. Baba angekuwa hai angekusimulia kwa kila anayepita. (Ule msemo wako wa madini ya coltan ya Rubaya yaliyomo ndani ya simu ya kila mtu, lakini, upumzishe. Tumeusikia.)

Ila ile ramani yako. Minova ilipotekwa, tarehe 21 Januari 2025, ulichora mshale mwekundu. Gavana wetu, Jenerali Peter Cirimwami, alipouawa siku chache baadaye huko mstari wa mbele, ukachora mwingine, mnene zaidi, ncha yake imegusa ziwa. Nilikuza picha kwa vidole viwili nione. Ncha ilikuwa juu ya mtaa wetu. Mama akaniuliza, "Kaka yako anasemaje?" Nikamwambia anasema tutulie.

Unakumbuka 2012? Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa chini ya kitanda cha Baba, wewe umenizibia masikio, halafu ukayazibua kwa makusudi ukanifundisha: hili linaenda, hili linakuja. Linaloenda linapiga kwanza halafu linalia mbali. Linalokuja linapiga mluzi. "Ukisikia mluzi usiogope, ukiusikia maana yake limeshapita." Sijui kama ni kweli. Sijawahi kumuuliza mtu anayejua, na sitauliza, kwa kuwa kwa sentensi hiyo nimeishi miaka yote hii. Ukiniuliza kama nakupenda, jibu liko chini ya kile kitanda.

Sasa nikueleze tarehe 27 Januari, maana hujawahi kuisikia yote.

Jumatatu. Umeme ulikuwa umekatika siku kadhaa, maji vilevile. Usiku ule M23 walikuwa wameshatangaza kwamba mji ni wao, lakini risasi zilikuwa bado ziko mitaani, na upande wa uwanja wa ndege kulikuwa kunanguruma. Mama yuko sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, godoro limesimamishwa mbele yake. Simu yangu ilikuwa na laini ya Rwanda, ya upande wa Gisenyi, ndiyo pekee iliyokuwa ikishika, na chaji ilikuwa asilimia kumi na kitu.

Mtu akagonga mlango wa nyuma. Hakugonga kwa kitako cha bunduki. Aligonga kwa kidole, kama mgeni. Mama akasema fungua. Nikasema hapana. Akainuka mwenyewe, na presha yake ile, akafungua.

Alikuwa askari wa serikali. Kijana, labda mdogo wangu. Alizungumza Lingala. Hakuomba maji wala chakula, aliomba shati. Bunduki sijui aliiacha wapi. Mama hakuuliza chochote, alinielekezea kidole kule chumbani: "Valizi ya kaka yako." Nikaifungua. Nikachukua la juu, lile jeupe lenye mistari ya buluu ulilovaa siku ya kukusindikiza. Kijana akavua gwanda, akavaa shati juu ya singilendi iliyolowa. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akafunga vifungo vibaya, upande mmoja juu, mwingine chini. Mama akamsogelea, akavifungua vyote, akavifunga upya kimoja kimoja mpaka shingoni. Nje milio haikuwa imepungua hata kidogo. Mama alikuwa anamfunga mtu vifungo kana kwamba anampeleka kanisani.

Simu yangu ikalia hapo. Wewe. Ujumbe wa sauti, sekunde kumi na moja, bado ninao: "Wameshafika Katindo au bado? Nitumie video, hata ya sekunde kumi. Haraka kabla mtandao haujakatika."

Utasema usiku wake ulikuwa umeongea na Mama. Ni kweli, mliongea. Utasema watu wa mbali nao wanapagawa, wanashika chochote kinachoshikika. Nakubali. Lakini nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko inavyofaa, nikitafuta kama mahali fulani katikati kuna neno "Mama" ambalo mtandao ulilimeza. Halimo.

Na mimi nikaenda. Hapo ndipo sijielewi mpaka leo. Nikamwacha Mama anasimama na yule kijana, nikaenda kwenye kidirisha cha choo, nikapitisha simu, nikapiga sekunde kumi na tisa. Ukiitazama utaona ukuta, bomba la maji ya mvua, geti la jirani, halafu mtu mwenye shati jeupe la mistari anapita ameinamisha kichwa. Shati la raia. Viatu vya jeshi. Hatukuwa tumefikiria viatu.

Uliirusha baada ya dakika chache. "Askari wa serikali wavua magwanda Goma." Ikatembea dunia nzima. Hukulitambua shati lako, kaka.

Yule kijana sijui alifika wapi. Wengi wa wenzake walikimbilia kwenye kambi za MONUSCO, askari wa Umoja wa Mataifa, wengine walijisalimisha. Siku kama kumi baadaye Umoja wa Mataifa ukataja maiti karibu 2,900 katika mji, 2,000 zikiwa zimeshazikwa. Wewe uliiandika ile namba kwa herufi kubwa ukaiweka juu ya picha. Mimi ndani ya namba ile nilikuwa namtafuta mmoja tu.

Mwezi uliofuata, Bukavu nayo ilikuwa imeshaanguka, wakaja wanaume watatu wenye silaha. Walikuwa na heshima zote, walimwamkia Mama. Mmoja akatoa simu, akaonyesha video, akauliza: hii imepigwa kutoka nyumba ipi? Nikaona bomba letu la maji ya mvua kwenye kioo cha simu yake, na juu ya kichwa chake nikaliona lenyewe, palepale. Akigeuka tu, amekwisha kuliona.

Nikanyoosha mkono upande wa pili wa njia. Nikasema, nadhani ni kutoka kule.

Nyumba ile wenyewe walikuwa wamehama, wewe unajua ni akina nani, usiwataje. Ilikuwa tupu, hilo nilikuwa na hakika nalo. Ningejua kuna mtu ndani nisingesema. Wale watu wakaenda wakavunja. Mama jirani aliporudi alikuta hakuna vitanda, hakuna mabati ya jikoni, hata milango imeng'olewa. Alikuja kwetu kulia. Nikamchemshia chai. Hakuna aliyekufa kwa neno langu, na ningesema "ni hapa" angekufa Mama palepale mlangoni. Wewe ungefanyaje? Hapana, usijibu. Ungeieleza vizuri sana.

Halafu ukaniita msaliti. Hukulitumia neno lenyewe, unajua kupaka asali, lakini mwezi wa nne ule uliposema kwenye kipindi kwamba "kuna ndugu zetu waliozoea haraka mno, Jumamosi wanaonekana kwenye salongo na fagio mkononi", nilijua unamsema nani, maana picha ya salongo nilikutumia mimi. Ndiyo, nilifagia. Jumamosi mtaa mzima unatoka kufagia, na asiyetoka anaulizwa. Tulikuwa tunaulizwa vya kutosha. Mabenki yalikuwa yamefungwa, pesa zako (ulituma, hilo silikatai, na kila mwezi) nilizitoa kwa mawakala wa simu wanaokata wanachotaka kisha wanakupa noti iliyochakaa ambayo muuza dawa anaigeuza mara tatu halafu anakurudishia. Dawa za presha za Mama nilikuwa nazigawa nusu. Kwa hiyo ukinihesabia fagio, hesabu na vidonge.

Alikufa Julai, akiwa amekaa. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, hilo kila mtu alilijua. Lakini watu walikuja kuzika ndugu zao kwa kushukia Kigali na kuvuka kwa miguu Gisenyi. Wewe njia hiyo ulishaichoma kwa mdomo wako mwenyewe. Sikulaumu kwa uliyoyasema juu ya Rwanda, mengi yalikuwa kweli. Nakulaumu kwamba kabla ya kuyasema hukutuuliza sisi tuliobaki upande huu wa maneno yako. Ulizika kwa simu. Mtoto wa mama mkubwa alikuwa ameishika, mkono umemchoka, na katikati ya sala nikasikia sauti yako kutoka kwenye spika: "Geuza kidogo, nione nyuma." Nyuma kulikuwa na barabara na gari lao limeegeshwa. Ulitaka kuona kaburi au gari?

Labda nimekuonea hapo. Labda ulitaka kuona watu wangapi wamekuja. Walikuja wengi.

Mimi nimeshatoka. Niko wapi hapatajwi. Siku hizi vita navifuata kama wewe, kwa simu, na nimeanza kuelewa kitu ambacho sikukielewa nikiwa ndani: ukiwa mbali mikono haina kazi, kwa hiyo macho yanafanya kazi ya mikono. Tarehe 4 Desemba, Tshisekedi na Kagame walipotia saini mkataba wa amani Washington mbele ya Trump, nilikesha nasoma maelezo. Wiki haikuisha, Uvira ikachukuliwa. Watu wakavuka kwenda Burundi kwa maelfu, wengine kwa mara ya pili mwaka huohuo. Ukafanya kipindi cha saa mbili: Uvira na ziwa Tanganyika, njia ya kuelekea Kalemie na Katanga, askari wa Burundi wamebanwa vipi. Nikakitazama chote. Kisha M23 wakatangaza kwamba wanaondoka Uvira kwa ombi la Wamarekani, ukafanya kingine. Nikakitazama na hicho. Kuhusu droni nimejifunza kwako. Mwaka 2012 tulisikiliza mluzi, sasa ndugu zetu wa Masisi na Walikale wanasikiliza mngurumo ule mwembamba usiokwisha, na hakuna wa kuwaambia kwamba ukiusikia maana yake umeshapita.

Kwa hiyo sikuambii uache. Nimejikuta juzi nimemwandikia rafiki aliyebaki kule: "Kukoje? Nitumie picha." Nikaifuta kabla hajaisoma, lakini niliiandika. Vidole hivi hivi.

Video ile bado ipo kwenye ukurasa wako. Ifute. Wameshainakili, najua, ifute hivyohivyo. Na andiko hili ukilisoma usilisomee kipindini.

Siku ya matanga utapata picha moja. Nimeshapanga na mtoto wa mama mkubwa: ataenda kaburini asubuhi mapema, watu hawajafika, atapiga msalaba na maua peke yake, kutoka chini kwenda juu, ili nyuma ibaki mbingu tu. Valizi yako iko kwake. Mashati yamo manne.