Salamu za Idi kutoka mwaloni Kirumba, Mwanza

Idi Mubarak, ndugu zangu. Taqabbalallahu minna wa minkum kwa mliofunga. Na ninyi wawili mliotusindikiza kwenye futari mwezi mzima bila kufunga hata siku moja, Idi njema pia; pilau haibagui.

Salamu hizi ni za wote, ila zaidi ni za wale tuliovaa joho pamoja, ambao mpaka leo mtu akituuliza "uko wapi siku hizi?" tunajibu "nipo nipo tu."

Jana jioni ilikuwa Ramadhani 29. Watoto wa mtaani walipanda mawe kuutafuta mwezi upande wa ziwani, lakini hii Idi imetukuta na masika, na wingu lilikuwa limetanda mpaka majini. Hakuna aliyeona kitu. Ndani, mama mdogo alikuwa keshaukanda unga wa maandazi, beseni zima. Nikamuuliza, "Mama mdogo, na kama mwezi haujaandama?" Hakuinua hata kichwa. "Tutafuturia kesho." Akaendelea kukata matonge. Nyama ndiyo hakuinunua, alisema nyama haina subira. Tangazo lilipokuja usiku kwamba mwezi umeonekana, maandazi yalikuwa tayari chini ya kawa, na mimi nikatumwa kukimbilia buchani.

Nimekuwa nikilifikiria lile beseni tangu jana.

Hii ni Idi yangu ya tatu tangu nimalize shahada ya ualimu wa sayansi. Ya kwanza nilipita nyumba zote kuamkia, kila shikamoo ikirudishiwa na "marahaba, umepangiwa wapi, mwalimu?" Nikawa nacheka. Ya pili sikutoka. Nilijifanya naosha vyombo mpaka magharibi. Wiki chache kabla yake nilikuwa nimetoka kwenye usaili mkoa mwingine, usiku mzima kwenye basi kwenda na mwingine kurudi. Majina ya waliopita yalitoka kwa alfabeti. Nikashuka na kidole kwenye simu mpaka penye herufi yangu, nikaliona jina linalopaswa kuwa juu yangu na linalopaswa kuwa chini yangu, wamekaa wamegusana. Nilirudia mara nne, kana kwamba lingejichomeka katikati.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa pishi. Mnajua zakatul-fitri inavyohesabiwa: kila kichwa pishi moja ya chakula, kama kilo 2 na nusu za mchele, itolewe kabla ya swala ya Idi. Mama mdogo alikaa sakafuni na gunia akahesabu kwa sauti: "Mimi, baba yenu, Shufaa, mdogo wako, wewe." Nilikuwa na miaka 25, nimehesabiwa pamoja na watoto. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anahesabu midomo. Lakini usiku ule nililala nikijiuliza kama kweli niliwahi kuwa na akili, au nilikuwa nakariri vizuri tu na sasa karatasi zimeisha.

Habari ya mkopo wa chuo mnaijua. Mtu akinilalamikia kwamba anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, namtazama kwa wivu. Wa kukatwa ana mshahara.

Siku hizi niko mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, kwenye dagaa za mama mdogo. Nilikuja "kwa muda" na ndoo moja. Sasa najua kuzigeuza kwenye chanja, najua sauti ya dagaa mkavu ukimvunja, najua wanunuzi wa Kongo na Burundi wanataka wepi na wanakwepa wepi. Masika iliyopita nililoweshewa gunia zima kwa sababu niliangalia simu badala ya kuangalia anga. Dagaa wakanywa maji wakavimba, wakanunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nililia mbele za watu. Mama mdogo alihesabu zile hela chache akasema, "Haya, leo tumewafuturisha kuku."

Huku mwezi una maana nyingine. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani za karabai, siku hizi za sola na betri, na taa huwakusanya usiku wa giza tu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inavutwa mchangani. Siku hizo wavuvi wanashona nyavu, wanacheza drafti, wanakopa kwa tajiri wao, wanalala mchana. Sijawahi kusikia mtu akisema hawana kazi. Wanasema wanangoja giza.

Nilitaka kuwaandikia kwamba na sisi ndivyo tulivyo, tuko kwenye mbalamwezi tu. Ingependeza. Lakini mvuvi anaweza kuhesabu kwa vidole giza linarudi lini, sisi hatuna kalenda hiyo, na nisingependa kuwadanganya siku ya Idi. Sisi tuko zaidi kwenye usiku wa 29, wingu limetanda na beseni la unga liko mbele yetu. Kuna usaili mwingine nimeomba. Nasoma usiku, mchana nageuza dagaa. Kuna asubuhi naamka najiamini, na kuna asubuhi naogopa hata kufungua simu. Kama nawe uko hivyo, huna ugonjwa, na usijifungie na vyombo kama nilivyofanya mimi. Nipigie. Hata kama ni kunilalamikia asilimia 15.

Mwaka huu mama mdogo alipokaa na gunia, nilikuja na mfuko wangu nikamwaga pishi yangu pembeni. Aliitazama, akahesabu: "Mimi, baba yenu, Shufaa, mdogo wako." Akanyamaza, akaendelea kufunga.

Leo watoto wamenipanga foleni wakidai mkono wa Idi, nimegawa sarafu za mia mbili mia mbili mpaka zimeisha. Mmoja amenirudishia akasema anataka ya mia tano. Bibi wa jirani, Mkatoliki wetu, ametuamkia kwa Kisukuma "wangaluka" na kuku mzima mkononi. Mjomba wa Sengerema ameshapiga yuko Busisi. Zamani angesingizia foleni ya kivuko mpaka pilau ipoe, lakini tangu daraja lizinduliwe Juni 2025 kisingizio kimezama.

Mlioko Mwanza njooni, njooni na vyombo vyenu vya kubebea. Mkichelewa mtakuta ukoko. Naishia hapa, wingu limeanza kujenga upande wa ziwani na turubai lenyewe sijui Shufaa ameliweka wapi.