Kipanya ukiniachie

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako anapanda boti ya kesho asubuhi kuja huko Bukavu. Nimempa barua hii pamoja na maharagwe kidogo na kile kitenge ulichokisahau kwenye kamba. Simu ninayo, lakini haya nimeona niyaandike.

Ile dunia uliyoniwekea kwenye kompyuta, ule mchezo wa kujenga kwa matofali uitwao Luanti, nimeingia. Nimeingia peke yangu. Siku ya kwanza nilitumbukia majini nikakaa humo muda mrefu, maana sikujua kuwa kibonye kile kirefu cha chini ndicho kinachomwinua mtu. Siku ya pili nilienda mbali na kibanda changu, giza likaniingilia (huko mchana na usiku wake ni dakika 20 tu), nikazunguka vilima hadi umeme ukakatika hapa nyumbani. Siku ya tatu nikajifunza kuweka alama mlangoni ili nikipotea niandike neno moja tu na kurudi.

Siku tatu kwa mambo ambayo wewe ulinionyesha kwa dakika tano. Lakini mwanangu, ulinionyesha kwa mkono wako. Kila nilipokosea ulisema, "Mama, lete, nifanye mimi," ukachukua kipanya. Niliona mlima, ziwa, nyumba ya mbao nzuri, na ulipoondoka sikujua hata kupiga hatua.

Sikulaumu. Ulijifunza kwangu. Ulipokuwa na miaka mitano nilikunyang'anya biki kwa sababu herufi yako ya S ilitazama upande mwingine, nikaiandika mwenyewe. Ulilia, nami niliona nimekusaidia. Mwalimu mzima! Unisamehe kwa siku ile. Imenibidi nipotee gizani kwenye kompyuta ndipo niielewe.

Sasa sikia ninachotaka kufanya. Wanafunzi wangu wa darasa la sita nataka waijenge Nyiragongo, volkano yetu hapa Goma, humo. Kompyuta za shule ni nne, na intaneti haihitajiki: moja inabeba dunia yenyewe, zile nyingine zinaiingia kwa waya wa humo humo darasani. Mwalimu mwenzangu aliuliza tutalipa kiasi gani, nikamwambia hakuna. Ni programu huria. Mfini mmoja, Perttu Ahola, aliianza mwaka 2010 kwa jina la Minetest, na jina hili jipya ni la mwaka 2024.

Nimejaribu kwanza mwenyewe. Kila tofali huko ni mita moja. Mlima wetu una mita 3,470, Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi, kwa hiyo toka majini hadi kileleni ni mita 2,000 na kidogo. Mita 100 nikazifanya tofali moja, mlima ukawa matofali 20. Hesabu hiyo nitawaachia waifanye wenyewe.

Kisha nikamwaga lava juu kileleni, ikashuka pande zote kama uji unaofurika sufuria. Nikaifuta. Watoto wote watajenga hivyo, na si hivyo ilivyokuwa. Tarehe 17 Januari 2002 moto haukufurika kutoka juu. Ulipasua ubavu wa mlima upande wa kusini, nyufa zikashuka hadi Munigi, karibu kabisa nasi, ukapita uwanja wa ndege, ukaukata mji ukaingia ziwani. Nilikimbia na kaka yako mgongoni. Yeye hakumbuki, nawe hukuwa umezaliwa. Hawa wa darasa la sita wanasikia tu, na wale waliokuwa wadogo mwaka 2021 wanaijua lava ile iliyokomea Buhene, pembeni mwa mji.

Kwa hiyo nimetoboa ubavuni. Tena nitawaambia kuwa lava ya kompyuta inatambaa taratibu, lakini ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko ya volkano nyingi duniani. Mwaka 1977 lile ziwa la moto kileleni lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Mtoto asije akadhani ana muda wa kurudi kuchukua begi.

Lava yangu ya kompyuta ilipogusa maji, iligeuka jiwe papo hapo. Niliacha kipanya nikalitazama. Ndilo jiwe tunalokanyaga kila siku hapa uani, ndilo baba yako alilopanga kuwa ukuta.

Likizo ukija, nakuomba usimame nami darasani. Watapotea, watazama, watauweka mlima ndani ya ziwa. Waelekeze kwa mdomo, mikono uiweke mgongoni. Najua itakuwia vigumu, mimi pia itaniwia vigumu.

Uje na waya mmoja mrefu wa mtandao kama utaupata kwa bei nafuu, huu wetu haufiki kompyuta ya nne. Na ukifungua dunia yangu utaona mlango wa kibanda nimeuweka kinyume, unafungukia ukutani. Usiuguse. Nitaugeuza mwenyewe.

Mama yako,
Goma