Barua kwa mwanangu anayevuka Mutukula

Mwanangu Kabula,

Umesema Jumanne unapanda basi Nyegezi kwenda Kampala, kazi imepatikana. Nimefurahi, hata wenzangu wa mwaloni Kirumba nimewaambia. Lakini usingizi sina kwa ajili ya mpaka wa Mutukula.

Uganda wanadai cheti cha homa ya manjano, nawe huna. Wakikwambia uchomwe pale pale, kataa. Chanjo ile ina virusi hai, wamedhoofishwa tu. Adalimumabu, ile sindano yako ya viungo, kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili isile viungo vyako. Sasa nani atapigana na virusi hao? Barua ya daktari yenye muhuri, inayosema usichanjwe, uishike mkononi, isikae kwenye begi la buti. Umeshaifuata? Nazijua "kesho, mama" zako.

Na kwa kuwa hujachanjwa, jihadhari, mbu wa homa hiyo anauma mchana. Chandarua hakitoshi, vaa mikono mirefu.

Sindano zibebe kwenye kikasha cha baridi. Barafu naijua mimi, sato wangu nawafukia humo mpaka wanakuwa mawe. Dawa usiifanyie hivyo, ikiganda ni ya kutupa. Izungushie kanga, barafu isiiguse.

Ukisikia homa au kikohozi, usijichome kabla ya kumpigia daktari. Wala usikimbilie duka la dawa: Septrini na methotreksati, ile dawa yako nyingine, hazipatani, zinaweza kushusha chembe za damu vibaya. Kikohozi usikifiche. Siku ile daktari alipouliza kama nyumbani kuna mwenye kifua kikuu, mimi niliangalia sakafu, ukajibu wewe. Baba yako mdogo alikuwa analala chumba cha pili. Vile vidonge vya miezi sita vya kuzuia kifua kikuu ulivimeza bila kunilaumu, na mimi sijawahi kukwambia neno.

Bibi anakusalimu. Bati la jikoni bado linavuja, fundi kachukua elfu ishirini kapotea. Mvua hii dagaa hawakauki, tunauza kwa hasara. Mshahara wa kwanza usinitumie. Tafuta chumba chenye umeme wa uhakika, ununue friji ndogo.

Ukishavuka nipigie, hata iwe saa nane za usiku. Niambie tu hawajakuchoma. Na ile barua, Kabula, ifuate kesho asubuhi.

Mama yako